Ganzi Ikiisha Alfajiri: Maswali Kuhusu Goti Bandia

SWALI: Shikamoo Daktari. Mama yangu ana miaka 68, ninaishi naye hapa Ujiji, na goti lake la kulia limekwisha kabisa. Hata kutoka uani hadi barazani hutembea akishika ukuta. Amepewa rufaa ya kwenda Dar es Salaam kuwekewa goti bandia, na ameelezwa kwamba atachomwa sindano ya kutia ganzi mishipa ya fahamu ya mguu ili asiumie baada ya upasuaji. Sasa jirani yetu mmoja, ambaye alifanyiwa upasuaji kama huo mwaka jana, anasema mchana ule alikuwa akicheka na wageni, lakini alfajiri aliamshwa na maumivu ambayo hajawahi kuyaona tangu azae. Anaamini sindano ile iliharibika. Mama amepata hofu, anauliza kama sindano inaweza kumpoozesha mguu moja kwa moja, na isije ikawa ni majaribio tu ya madaktari. (Msomaji, Ujiji, Kigoma)

JIBU: Marahaba. Nisalimie mama, na jirani pia, kwa sababu habari yake ndiyo yenye manufaa kuliko yote uliyoniandikia. Sindano yake haikuharibika. Ilifanya kazi, muda wake ukaisha, na inaelekea hapakuwa na mtu aliyemtajia saa ya kuisha wala aliyempa vidonge kabla ya saa hiyo kufika.

Katika upasuaji huu daktari hukata ncha ya mfupa wa paja na kichwa cha mfupa wa muundi ili kuweka vipande vya chuma na plastiki, na maumivu ya mfupa uliokatwa si ya kubezwa. Wagonjwa wengi hufanyiwa upasuaji kwa ganzi ya uti wa mgongo, ile inayolaza mwili kuanzia kiunoni kwenda chini, nayo huachia baada ya saa chache. Sindano ya mishipa ya fahamu huongezwa ili ganzi ya mgongo itakapoachia, goti lenyewe liendelee kulala. Daktari wa usingizi hupaka jeli kwenye paja, huweka kifaa cha altrasaundi, na kwenye kioo huuona mshipa mkubwa wa damu ukidunda. Pembeni yake ndipo inapopita mishipa ya fahamu inayopeleka habari za goti kwenye ubongo. Sindano huonekana ikisogea taratibu, na dawa, ambayo mara nyingi ni bupivakeini au ropivakeini, huonekana ikitanda kama kidimbwi cheusi. Mama akiwa macho na akipenda, anaweza kuomba aonyeshwe.

Dawa hiyo ikichomwa mara moja hudumu kwa kawaida kati ya saa 12 na 24. Hesabu mwenyewe: aliyechomwa saa nane mchana hawezi kushangaa akiamshwa na goti saa kumi na moja alfajiri. Na maumivu hayo huja kwa kishindo, kwa kuwa mtu aliyelala bila kuhisi chochote huamka na kuhisi kila kitu kwa pamoja. Kwa hiyo swali ambalo ningependa mama amuulize daktari wa usingizi kabla ya yote ni hili: ganzi yangu inatarajiwa kuachia saa ngapi, na nitapewa nini kabla ya saa hiyo? Hospitali nyingine huacha mrija mwembamba karibu na mshipa wa fahamu na kupitishia dawa kwa siku mbili au tatu. Inafaa kuuliza kama huduma hiyo ipo pale anapokwenda.

Vidonge vinywewe wakati goti bado limelala. Najua hili ni gumu kwa wazee wetu, ambao huona aibu kumeza dawa ya maumivu wakati hawaumwi, lakini dawa iliyokwisha kuingia kwenye damu hupunguza makali ya ganzi inapoachia, ilhali dawa inayomezwa mtu akiwa tayari analia huchukua muda mrefu kumfikia. Msingi huwa ni parasetamoli: kwa mtu mzima mwenye ini zima na uzito wa kutosha, gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, bila kuzidisha gramu 4 kwa siku. Juu yake daktari anaweza kuongeza dawa za jamii ya ibuprofeni au diklofenaki, ila si kwa kila mtu, maana huweza kuumiza figo, kuamsha vidonda vya tumbo na kupandisha shinikizo la damu. Ikiwa mama hununua diklofenaki dukani kwa ajili ya goti hilo, kama wengi wafanyavyo, aseme wazi, asije akapewa nyingine juu yake. Tramadoli na mofini hubaki kwa ajili ya maumivu makali. Huleta kichefuchefu, usingizi na choo kigumu, na mzee anaweza hata kuchanganyikiwa kidogo.

Sasa nijibu hofu ya kupooza. Ganzi hii huondoka. Madhara ya kudumu ya mshipa wa fahamu hutokea kwa nadra sana, chini ya mtu mmoja katika kila watu elfu moja. Dawa ikiingia kwa wingi kwenye mkondo wa damu mgonjwa anaweza kusikia midomo ikimchonyota, ladha ya chuma mdomoni au mlio masikioni, na aliye macho aseme papo hapo, kwa sababu dalili hizo zina tiba yake, ambayo ni mafuta maalumu yanayopitishwa kwenye mshipa wa damu. Mama ataje mapema dawa za kuyeyusha damu anazotumia, kisukari na mzio wowote. Kuhusu majaribio, mwambie kwamba ganzi ya sehemu moja ya mwili ilianza mwaka 1884, pale Carl Koller wa Vienna alipotia jicho ganzi kwa kokeini. Kilicho kipya zaidi ni altrasaundi, nayo imekuja kumwezesha daktari kuona anakochoma.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni kuanguka. Zamani sindano ilichomwa kwenye kinena, na pamoja na goti ililaza msuli mkubwa wa mbele ya paja; mgonjwa alisimama akijiamini, goti likakunjika ghafla, akajikuta sakafuni. Siku hizi wengi huchoma katikati ya paja, ndani ya mfereji ulio kati ya misuli, na msuli hubaki na sehemu kubwa ya nguvu zake. Hata hivyo, mama asiende chooni peke yake usiku wa kwanza. Kabla ya kusimama akae ukingoni mwa kitanda na anyooshe mguu mbele. Ukishindwa kunyooka, amwite muuguzi. Akilalamika kwamba nyuma ya goti kunauma wakati mbele kumelala, msidhani sindano imeshindwa. Nyuma kuna mishipa mingine, na kwa kawaida hushughulikiwa kwa dawa anayoimiminia daktari wa upasuaji kuzunguka goti au kwa sindano ya pili.

Mguu ukiwa na ganzi, msiuwekee chupa ya maji ya moto hata kama ni kwa upendo. Ngozi isiyohisi huungua kimyakimya.

SWALI: Baba yetu alirudi Kasulu kutoka Dar es Salaam na goti jipya na sasa yuko wiki ya tatu. Usiku bado linamuuma na limevimba. Shangazi anataka kumkanda kwa maji ya moto na kumchua kwa mawese. (Msomaji, Kasulu)

JIBU: Mwambieni shangazi, kwa heshima zote, aweke mawese jikoni. Katika wiki hizi damu huweza kuganda ndani ya mishipa ya mguu, na kumchua kigimbi mtu mwenye damu iliyoganda ni hatari, kwani bonge linaweza kung'oka na kwenda kwenye mapafu. Baba yenu amesafiri zaidi ya kilomita 1,200 akiwa amekaa, jambo ambalo nalo huongeza hatari hiyo. Kigimbi kikiuma na kuvimba kuliko mguu wa pili, akikosa pumzi, au kidonda kikitoa usaha na homa ikapanda, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Kama dalili hizo hazipo, maumivu ya usiku wiki ya tatu si ajabu, na uvimbe huweza kuchukua miezi kadhaa kuisha. Atumie barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 au 20, ainue mguu, na ameze dawa alizoandikiwa nusu saa au zaidi kabla ya mazoezi, ili aweze kulikunja goti vizuri. Mto usiwekwe chini ya goti. Najua huleta faraja, lakini goti likizoea kulala limekunjwa hukataa kunyooka. Uwekwe chini ya kisigino.

Hukutaja choo, lakini nitakitaja, kwa kuwa nyumba nyingi za kwetu zina choo cha kuchuchumaa na goti hilo bado halijafika huko. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo, chenye mikono imara ya kushikilia, na kimo chake kizidi kidogo kimo cha goti la baba akiwa amesimama.