Tairi za eks-Japani kwa Golf GTI iliyoremapiwa: meno hayakwambii kila kitu

SWALI: Asalaam alaikum fundi. Niko Malindi huku Maweni, nina Golf GTI ya 2008, ile 2.0 ya turbo, nimeiremapu steji wani, yaani kompyuta ya injini imepandishwa nguvu hatua ya kwanza, na nimeishusha kwa springi fupi. Rimu ni za 18, tairi ni 225/40. Za mbele zimeliwa upande wa ndani mpaka waya zaonekana, lakini juu bado zina meno. Kuna jamaa Mombasa ana seti ya eks-Japani, zile zilizotumika huko Japani, meno yako juu kabisa kama mpya, bei kama robo ya mpya. Mwengine ananiambia niende 215/35 ndio zisiguse kwenye matao. Mombasa naenda karibu kila wiki. Nichukue zipi?

JIBU: Wa alaikum salaam ndugu yangu. Usichukue hizo za jamaa wa Mombasa wala hizo 215/35. Na kabla hujatoa hata shilingi ya tairi peleka gari ikapimwe alaimenti, yaani magurudumu yamekaa na kutazama vipi, maana tairi ikiliwa ndani peke yake mpaka waya huyo ni mtu ameshusha gari akaondoka nayo hivyo hivyo bila kurudi kupima. Springi fupi zinalaza magurudumu, ni kweli, lakini kinachomaliza mpira haswa ni magurudumu kutazama pembeni badala ya mbele, kila kilomita mpira unasuguliwa tu upande mmoja. Golf ya umri huo nyuma nako kunarekebishika, kwa hiyo yapimwe yote manne, na fundi akikwambia nyuma hakuna alaimenti chukua ufunguo wako uende kwa mwengine. Bushi za kontrol amu za mbele, ile mipira ya mikono inayoshika magurudumu, ziangaliwe kwanza, zikiwa zimekatika alaimenti haikai.

Hilo limekwisha. Kilichonifanya nikae niandike ni hayo maneno yako, "meno yako juu kabisa kama mpya". Nayasikia kila siku hapa karakana. Mtu anachuchumaa, anaingiza kidole kwenye mfereji wa tairi, anainuka ametabasamu, ameshanunua! Hajaangalia ubavu, hajasoma hata herufi moja, na gari anayoenda kuifunga hiyo tairi inabeba mke wake na watoto.

Meno yanakwambia mpira kiasi gani umebaki wa kuliwa, basi. Hayakwambii mpira una umri gani, ulitengenezwa kwa hali ya hewa ya wapi, ulikaa juani muda gani, wala mwenye tairi wa kwanza aliiendesha bila upepo umbali gani. Na tairi ikifa kwenye spidi haifii kwenye meno, inafia ubavuni au mabegani, pale ambapo nyuzi za chuma zinaachana na mpira, na ukishasikia ile ngurumo chini ya gari umechelewa.

Sasa jiulize hili swali ambalo wanunuzi wengi hawajiulizi. Mjapani alikuwa na tairi yenye meno yote hayo, kwa nini aliitoa? Mara nyingi sababu ni mbili, ama imezeeka ama ni ya theluji.

Ya theluji ndiyo inayodanganya zaidi kwa sababu inapendeza. Meno yake ni marefu, na kila jino limekatwa vijimikato vyembamba vya mawimbi mawimbi, ukilisukuma kwa dole gumba linalala. Ubavuni utaona alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, au pameandikwa STUDLESS kabisa. Mpira huo umepikwa uwe laini kwenye baridi, chini ya nyuzijoto 7 hivi ambapo tairi za kawaida zinakuwa ngumu. Malindi 7 utaipata wapi? Kwenye lami yetu ya saa nane mchana unalainika kupita kiasi, ukishika breki meno yanalala kabla gari haijashika, ukikata kona usukani unakuwa mzito wa kujibu, na mpira unaisha haraka. Halafu tazama herufi ya mwisho kwenye saizi, tairi nyingi za theluji za Japani zina Q, maana yake mwisho kilomita 160 kwa saa. Hiyo unaifunga kwenye gari iliyotoka kiwandani na nguvu farasi 200 na toki, yaani nguvu ya kuzungusha magurudumu, ya 280, na ukishairemapu steji wani kwa kawaida toki inafika 350 au karibu yake, na yote hiyo inapitia magurudumu mawili ya mbele ambayo hayo hayo ndiyo yanakata kona na ndiyo yanafanya kazi kubwa ya breki!

Ya umri ni rahisi kuijua ukitaka kuijua. Tafuta maandishi yanayoanza na DOT, tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe, 1416 ni wiki ya 14 ya mwaka 2016. Saa zingine hizo tarakimu ziko ubavu mmoja tu, na muuzaji anajua, akiifunga anazielekeza ndani chini ya gari, kwa hiyo soma kabla ya kufungwa. Ukikuta zimekwanguliwa kwa kisu hakuna mazungumzo tena, ondoka. Watengenezaji wengi wa magari wanasema tairi ikifika miaka 6 ibadilishwe hata kama meno yapo, na watengenezaji wa tairi wenyewe wanaweka mwisho kabisa miaka 10, sasa hapa kwetu jua ni hilo unalolijua na wauzaji wa mitumba wanazianika nje kando ya barabara kutwa, mimi miaka 10 siikubali.

Vijana wanaopenda hizi gari wanamjua Paul Walker, yule muigizaji aliyefariki Novemba 2013 kule California ndani ya Porsche iliyokuwa ikiendeshwa na rafiki yake. Wapelelezi walisema sababu ilikuwa mwendo, kati ya kilomita 129 na 150 kwa saa kwenye barabara ya mwendo mdogo, lakini walitaja pia tairi zilizopita miaka tisa kuwa zilichangia gari kukosa kushika. Porsche ya mamilioni. Na 130 mtu anaigusa kila siku pale palipo wazi kati ya Kilifi na Gede.

Juzi kijana wa Watamu aliniletea gari kama yako analalamika usukani unatetemeka. Tairi zake za mbele za mtumba, amezinunua hazijamaliza mwezi, kwa nje zinang'aa kwa ile dawa ya kupaka, meno safi. Tulipotoa moja kwenye rimu ukamwagika unga mweusi sakafuni. Nikamwambia atie mkono ndani apitishe kidole ubavuni. Kulikuwa na mzingo umekwanguka tairi nzima, upana wa vidole viwili, na nyuzi zinahisika. Hiyo tairi iliwahi kuendeshwa bila upepo huko ilikotoka, ubavu ukasagana wenyewe kwa wenyewe, ikaja ikapakwa dawa ikauzwa. Ikiwa kwenye rimu imejazwa upepo huwezi kuyaona haya hata uwe na macho gani. Ndiyo maana ukiniuliza mtumba mzuri ni upi nakwambia mtumba ambao haujatolewa ukatazamwa ndani hakuna mtu anayeweza kukwambia ni mzuri, na anayekwambia anauza tu.

Sasa hizo 215/35. Aliyekushauri anatatua tatizo la springi kwa kukuondolea tairi. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita na ya pili ni ubavu kama asilimia ya upana huo, kwa hiyo 225/40 ya rimu 18 ina ubavu wa milimita 90, 215/35 ina 75, umepoteza sentimita moja na nusu ya mpira kati ya rimu na shimo. Barabara za ndani za Watamu na Casuarina mawe ya matumbawe yanachomoza, na ukielekea Mombasa penye ujenzi lami inakatika ghafla, hapo rimu inapinda na ubavu unavimba. Kingine kikubwa zaidi ni namba ya uzito, ile inayofuata saizi hapo ubavuni, 225/40 kwa kawaida ni 92 yaani kilo 630 kila tairi, 215/35 nyingi ni 84 yaani kilo 500. Kilo 130 umezitupa kila pembe na injini nzito iko pale pale mbele. Spidomita nayo itakudanganya, ikionyesha 100 wewe uko kwenye 95 hivi.

Mimi ningekuwa na gari yako ningeshuka rimu. Tafuta rimu za 17 za Golf zenye upana wa 7 au 7.5, uvae 225/45 R17. GTI hiyo ilitoka kiwandani na saizi hiyo, breki zake zinaingia bila shida, kimo cha gurudumu kinabaki karibu sawa na hicho ulicho nacho, tofauti kama milimita tatu tu, na ubavu unafika sentimita kumi. Utasikia tofauti kwenye matuta siku ya kwanza. Kama moyo umeganda kwa 18 basi baki na 225/40, iwe 92, na inua springi kidogo. Vyovyote vile herufi ya spidi iwe W, ambayo ni 270, au Y. Najua utasema sheria ni 110, herufi ya nini. Hiyo herufi inakwambia pia tairi inavumilia joto kiasi gani na mwili wake umefungwa vipi ndani, na joto ndilo adui wetu hapa. Kama ubavuni pana ile alama ya Marekani ya TEMPERATURE, chukua A. Michelin, Continental, Bridgestone, Yokohama, hapo uamuzi ni wako na mfuko wako, mimi nitakuuliza tu ni mpya na ina tarehe gani. Tairi mpya ya kampuni ya kati iliyotengenezwa mwaka jana naichagua kila siku mbele ya mtumba wa jina kubwa. Zile nusu za mashindano ambazo hazina mifereji usiziguse, masika ikishika hapa barabara inakuwa mto.

Pesa zikitosha mbili tu kwa sasa, mpya zifungwe nyuma, na zile nyingine zenye hali nzuri zije mbele. Watu wananibishia sana hapa, wanasema gari inavuta mbele. Mbele ikiteleza kwenye maji unaachia mafuta gari inarudi, nyuma ikikutoka ukiwa kwenye kona umegeuka unatazama ulikotoka na lori liko linakuja. Lakini kwa wewe ambaye mbili zimefika waya, hizo gari isitembee nazo hata kwenda Mombasa kununua nyingine.

Upepo ujazwe kwa kibandiko kilichoko ndani ya kifuniko cha tangi ya mafuta, upimwe asubuhi gari ikiwa imelala. Kuna huu ushauri wa "joto limezidi, punguza upepo isipasuke" na umeua watu. Tairi yenye upepo kidogo ndiyo inayojikunja sana, ndiyo inayochemka, ndiyo inayopasuka. Presha kupanda ukiwa safarini ni kawaida, ilishahesabiwa kiwandani, usiitoe. Na anayekuuzia nitrojeni kama dawa ya kuzuia kupasuka muulize hewa ya bure ina nini, maana asilimia 78 yake ni nitrojeni hiyo hiyo.

Kinachonikera ni kwamba mtu anatoa pesa nyingi kwa fundi wa kompyuta aongezewe nguvu farasi arobaini, na huyo fundi hamuulizi gari imevaa tairi gani! Anachomeka waya, anapandisha, anapokea pesa. Halafu kijana anaenda kubana matumizi kwenye vile viganja vinne vya mpira vinavyogusa ardhi. Na wauzaji wameshajua tabia yetu ya kuangalia meno, kwa hiyo wanatupa meno. Kuna wanaochukua tairi iliyoisha wakaichonga mifereji upya kwa chuma cha moto, mfereji unakuwa mrefu kabisa lakini chini yake umebaki mpira wa kuhesabu kabla ya nyuzi. Utaitambua kwa vile vijituta vidogo vilivyo ndani ya mfereji, vinavyoonyesha milimita 1.6 ya mwisho, ukivikuta vimekatwa au havipo, imechongwa. Kuna wanaotia tyubu ndani ya tairi ya tyubulesi kuficha ubavu uliochanika. Kuna wanaopaka dawa nyeusi ili nyufa zisionekane, hiyo ikunje kwa mkono ubavuni uone zikifunguka.

Na siku ukifunga mpya, hizo zako zenye waya usiziache dukani nzima hata wakikupa shilingi mia tano. Mwambie kijana achukue kisu azikate ubavuni mbele yako, zote mbili, maana zikibaki nzima zitachongwa zipakwe dawa, na atakayezinunua atakuwa mtu wa tuktuk au probox ya abiria hapa hapa Malindi.