Kuacha TV nzima ili ununue "inayookoa umeme": jibu la fundi

Mkuu mleta mada, umeuliza kama kuna haja ya kuiondoa TV yako ya LED ambayo bado ni nzima, ununue mpya iliyobandikwa karatasi ya kuokoa umeme, na kama mazingira yanafaidika kweli au ni maneno ya wauzaji. Kwa maoni yangu, TV za sasa zinakula umeme kidogo kweli, hilo si uongo. Ila kama nia yako ni mazingira, usiiache TV nzima. Kazi yangu ni ufundi wa TV na nimeifanya miaka mingi. Nazifungua, nazipima, na nazungumza na wenye nazo, kwa hiyo nitasema yale ninayokutana nayo mezani.

Mtu akienda kununua TV anaangalia kwanza ukubwa wa kioo, kisha picha, kisha bei. Umeme huulizwa mwishoni, na anayeuliza huwa anafikiria bili. Mazingira hutajwa na wachache sana. Watu ambao maoni yao nayaheshimu zaidi kwenye jambo hili ni wanaotumia sola na betri. Hao wanajua kila wati inavyouma, kwa sababu TV ikila sana taa za usiku zinakosa chaji. Ukiwa kwenye kundi hilo hesabu yako ni tofauti na ya mwenye umeme wa gridi, na TV ndogo inayokula kidogo ni ununuzi wa maana kabisa.

Tuje kwenye namba. TV ya kichogo ya inchi 21 ilikuwa inakula kama wati 60 hadi 100. Plasma, zile TV bapa za mwanzo, ya inchi 42 ilipita wati 200 bila taabu, na ilitoa joto unalolihisi ukikaa karibu. Plasma zilitoweka sokoni kuanzia 2014, Panasonic wakiwa wameacha kuzitengeneza mwishoni mwa 2013. LED ya inchi 32 ya leo inakula kati ya wati 30 na 50. Kwa hiyo aliyetoka plasma kwenda LED alipata nafuu kubwa sana, na kama bado una plasma, ibadilishe, sitakuzuia.

Wewe lakini unatoka LED kwenda LED. Tuseme mpya, kwa ukubwa uleule, inapunguza wati 10. Ukitazama saa 5 kwa siku, hizo ni uniti 18 hivi (uniti moja ni kilowati-saa moja) kwa mwaka mzima. Tatizo ni kwamba karibu hakuna anayenunua ukubwa uleule. Anatoka inchi 32 anaenda 55. Inchi hupimwa kwa mshazari, kwa hiyo eneo la kioo cha 55 ni karibu mara tatu ya 32. Ya zamani ikiwa wati 40, saa 5 kwa siku, inakula uniti 73 kwa mwaka. Ya inchi 55 ikiwa wati 100 inakula 182. Imebandikwa karatasi ya kuokoa umeme, na matumizi ya nyumba yamepanda mara mbili na nusu.

Ndiyo maana nawasihi watu wasome namba kabla ya herufi. Kwenye lebo ya umeme ya Umoja wa Ulaya, ambayo unaweza kuikuta hata kwenye baadhi ya TV zinazouzwa nje ya Ulaya, kuanzia Machi 2021 ngazi ni A hadi G, na zile A+ na A+++ ziliondolewa. Wengi walishtuka kuona TV nzuri zimepewa F au G wakadhani zimekuwa mbovu. Kilichobadilika ni kipimo, kimekazwa. Herufi hiyo inapimwa kwa kuzingatia ukubwa wa kioo, hivyo TV kubwa inaweza kuwa na herufi nzuri kuliko ndogo na bado ikala umeme zaidi. Namba ya kilowati-saa kwa saa 1000 haifichi kitu: ikiandikwa 78, maana yake ni wastani wa wati 78 TV ikiwa imewaka. Picha za HDR, zile zenye mwanga na giza vilivyokolezwa zaidi, zina namba yao, mara nyingi kubwa zaidi. Na kumbuka vipimo hivyo hufanywa TV ikiwa kwenye mipangilio ya picha iliyotoka nayo kiwandani. Ukifika nyumbani ukaweka picha kali ya kung'aa kama inavyowekwa dukani, lebo haikuhusu tena.

Hapo kwenye mwanga ndipo pana faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwenye TV ya LCD, ambayo ndiyo hii tunayoiita LED, sehemu kubwa ya umeme inaliwa na taa zilizo nyuma ya kioo. Nikiweka kipimo kwenye soketi na kushusha mwanga wa nyuma kutoka mwisho kabisa hadi kama nusu, matumizi hushuka theluthi moja au zaidi, na usiku picha bado inatosha. Usichanganye mambo mawili lakini: kwenye baadhi ya TV kipengele cha Brightness kinagusa weusi wa picha tu, hapo unachotakiwa kushusha ni Backlight, yaani mwanga wa nyuma. Kama ina kihisi cha mwanga wa chumba, kiwashe. OLED, ambayo ni aina nyingine ya kioo, haina taa za nyuma, kila nukta inawaka yenyewe, hivyo filamu ya giza inakula kidogo na picha yenye weupe mwingi inakula zaidi.

Na si umeme peke yake. TV nyingi ninazoletewa zina sauti lakini hazina picha. Ukimulika tochi kwenye kioo unaona picha hafifu ipo. Hizo ni stripu za LED, yaani vipande vyenye zile taa za nyuma ya kioo, zimeungua, na chanzo kikubwa ni joto la kuwashwa kwa nguvu zote kila siku. Ukishusha mwanga, taa zinadumu, TV inadumu. Inaniuma sana kuona kioo kizima kinapelekwa jalalani kwa sababu ya stripu ambazo zingebadilishwa.

Kutengeneza kioo kipya kunatumia umeme mwingi, na viwandani hutumika gesi iitwayo naitrojeni trifloraidi kusafishia mitambo. Gesi hiyo ikivuja inapasha joto dunia zaidi ya mara 16,000 ya hewa ukaa kwa uzito uleule. Viwanda vizuri huiteketeza kabla haijatoka, lakini si yote inayonaswa. Ukijumlisha yote, TV kubwa mpya inakuja na mzigo wa hewa ukaa wa mamia ya kilo kabla hujaiwasha. Zile uniti 18 za mwaka, hata zikitoka kwenye mtambo wa makaa ya mawe, ni kama kilo 18 tu za hewa ukaa. Zikitoka kwenye maji, ni kidogo mno. Piga hesabu mwenyewe ni miaka mingapi mpaka ulipe deni hilo.

Kisha kuna taka. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo ni asilimia 22.3 tu. Kioo cha TV ya kichogo kina risasi, na LCD za kwanza zilizotumia taa za mirija zina zebaki. Wanaozichoma wapate shaba wanavuta sumu hiyo wao na watoto wao.

Stendibai isikutie hofu sana. TV inayokula nusu wati ikiwa imezimwa kwa rimoti haifikishi uniti 5 kwa mwaka. Zima tu ile hali ya kuwaka haraka, maana kwenye baadhi ya TV inakula zaidi sana. Wa kuangaliwa ni king'amuzi. Kikila wati 10 mchana na usiku, kwa mwaka ni uniti 87, zaidi ya ile TV ya inchi 32. Kichomoe.

Kama kinachokusukuma ni programu za TV kuzeeka na kugoma, kisanduku kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la HDMI la TV kinamaliza shida bila kugusa kioo. Kama ni hitilafu, muulize fundi ni kioo, stripu au bodi ya pawa. Kioo kikipasuka, mara nyingi matengenezo hayalipi, hapo nunua, na uchague ukubwa unaoutosha umbali unaokaa. Stripu na bodi, tengeneza.

Tuandikie hapa TV yako ni inchi ngapi na ya mwaka gani. Wati zilizo kwenye kibandiko cha nyuma ni za juu kabisa, si za kila siku, kwa hiyo kama unaweza kuazima kipimo cha soketi, pima saa moja ya kutazama kawaida, nikufanyie hesabu.