Maswali Yenu: Luteni Anayepiga Kelele, Manowari Isiyojificha na Vita vya Mars

Mwezi huu barua nyingi zimekuja za kitu kimoja, hadithi za kijeshi za sai-fai, yaani hadithi za kubuni za kisayansi, sijui mmeambiana au vipi. Nimechagua chache, nyingine zilifanana.

Swali: Shikamoo anko. Naandika riwaya ya kikosi cha wanajeshi wa Kiafrika wanaoenda kupigana Mars mwaka 2190. Nimefika mbali, ila jamaa yangu ambaye babake alikuwa JWTZ kasoma akacheka sana, anasema askari wangu wanaongea kama watu wa kwenye muvi, kila mtu anatoa amri na jenerali anaenda doria. Nisome nini wawe wanajeshi wa kweli? (Mwana Uluguru, Morogoro)

Jibu: Marahaba mwanangu. Huyo jamaa mshikilie, kila sura ukimaliza mpe asome, maana msomaji anayecheka kwenye makosa ni bora kuliko kumi wanaokwambia "iko poa". Tatizo mkitaka uhalisia mnakimbilia silaha, mtu anajaza kurasa tatu za bunduki ya leza ina nguvu kiasi gani na ina rangi gani, wakati aliyewahi kuvaa buti anaangalia vitu vingine kabisa, nani anamwamuru nani, nani yuko lindo saa nane usiku, chakula kimefika au hakijafika.

Kwa hiyo anza na miongozo ya jeshi lenyewe. Ya Jeshi la Marekani mingi iko wazi, unaipakua bure, na kwa kuwa ni kazi ya serikali yao kuu kule haina hakimiliki. Utakaokufaa ni ule unaoitwa ATP 3-21.8, wa platuni na seksheni za askari wa miguu. Usiusome wote utalala, nenda kwenye muundo kwanza: seksheni ina watu 9, kiongozi na timu mbili za wanne wanne, seksheni zikikusanyika na wenye silaha nzito unapata platuni ya watu kama 40 hivi. Alafu nenda kwenye namna amri inavyotolewa, hapo ndo penye dhahabu. Ina vipengele vitano na havibadilishwi mpangilio: hali ilivyo, yaani adui na sisi wenyewe, jukumu, utekelezaji, ugavi pamoja na majeruhi wanaenda wapi, mwisho nani anaongoza na mnawasilianaje. Mpangilio ni uleule kila siku ili hata mtu ambaye hajalala siku mbili asisahau kitu. Sasa msimamishe luteni wako mbele ya watu wake atoe amri hivyo, kwa sauti ya kawaida tu, akifika kipengele cha nne aseme oksijeni ya akiba hamna na majeruhi hawatachukuliwa mpaka kesho. Umeshapata sura nzima na hakuna bomu hata moja lililolipuka.

Kingine ni Warfighting, kijitabu cha Marine wa Marekani, toleo la 1997. Hiki ni kifupi unakimaliza wikiendi moja, na chenyewe kimeegemea sana mawazo ya Clausewitz, yule ofisa wa Prussia ambaye kitabu chake kilianza kutoka 1832 akiwa ameshafariki. Kinachokuhusu ni habari ya msuguano, yaani vitani kila kitu kidogo kinakwama, redio inakufa, ramani ni ya zamani, kikosi cha kushoto kimechelewa na hakuna anayejua kwa nini. Kwenye riwaya nyingi za chipukizi mipango inaenda vizuri mno hadi msaliti atokee, jamani, hata bila msaliti mambo yanaharibika.

Na vyeo. Kama jeshi lako linaongea Kiswahili vyeo tunavyo tayari, koplo usu, koplo, sajini, sajinitaji, afisa mteule, luteni usu, luteni, kapteni, meja mpaka juu huko. Luteni usu katoka chuo juzi, ana mamlaka ila hana uzoefu, na chini yake yuko sajinitaji mwenye miaka mingi kazini anayejua kila kuruta analia kwa nini, anamwita mtoto wa umri wa mwanae "afande" na anamaanisha. Hapo pana mgogoro mzuri kuliko wa mizinga. Jenerali mrudishe ofisini, ana ramani na simu na mawaziri wanamsumbua.

Swali: Habari ya kazi mhariri. Nina sehemu ya vita vya angani, manowari mbili zinawindana karibu na Dunia, moja inazima taa na kujificha, baadae inageuka ghafla na kushambulia kwa nyuma. Mwalimu wangu wa fizikia anasema haiwezekani. Na je naweza kuweka kituo cha kurushia hapa kwetu Pwani au watu watanicheka? (Binti wa Takaungu, Kilifi)

Jibu: Mwalimu yuko sahihi dada, lakini usife moyo, ukweli wenyewe unatisha kuliko ulichoandika.

Kujificha kwanza. Anga za mbali ni baridi, kama nyuzi 270 chini ya sifuri, na chombo chenye watu ndani lazima kiwe na joto la kibinadamu, kwa hiyo kwa macho ya infraredi, yaani kamera zinazoona joto, kinawaka. Kuzima taa hakusaidii. Tena huko hamna hewa ya kubeba joto, kwa hiyo chombo kinalitunza kama chupa ya chai, njia pekee ya kulitoa ni kulimulika nje kupitia mabango makubwa, kituo cha kimataifa cha ISS kinayo na ndani yake inazunguka amonia. Sasa piga picha manowari inayofyatua leza, joto linapanda, nahodha anataka kukunja mabango yasipigwe risasi, akiyakunja watu wake wanaanza kuiva mle ndani. Hiyo ndo sini yako, ile ya kuzima taa itupe.

Kugeuka ghafla pia hapana. Ndege inageuka kwa kuegemea hewa, chombo cha angani kinaegemea mafuta yake tu. Tsiolkovsky, yule Mrusi, alichapisha hesabu yake ya mafuta na mwendo wa roketi 1903 na mpaka leo hakuna aliyeikwepa. Chukua injini za haidrojeni na oksijeni, gesi yake inatoka kwa kama km 4.5 kwa sekunde. Ukitaka kubadili mwendo kwa km 9 kwa sekunde, katika kila tani 100 unazoondoka nazo tani 86 ni mafuta, na ukitaka km 18 mafuta yanapita tani 98, yaani watu, silaha, chakula na chombo chenyewe vyote vinagombania chini ya tani 2. Ndo maana kwenye hadithi makini nahodha anauliza mafuta yamebaki kiasi gani kabla hajauliza makombora yamebaki mangapi. Kama unataka injini ya nyuklia sawa, utapata nafuu, ila amua moja mapema na uishi nayo mpaka mwisho wa kitabu, usiwe unaongeza nguvu kila shujaa akibanwa.

Kuhusu silaha, kitu chochote kikienda km 3 kwa sekunde kina nguvu karibu sawa na baruti ya TNT yenye uzito kama wake, na chombo kinachozunguka karibu na Dunia kinaenda kama km 7.8, kwa hiyo hata misumari ikimwagwa njiani ni silaha. Ila takataka zake hazichagui rafiki. Januari 2007 China ilipiga setilaiti yake yenyewe, Fengyun-1C, vikatokea vipande zaidi ya 3,000 vya kufuatiliwa na vingi bado vinazunguka. Nyuklia nayo hivyohivyo, Julai 1962 Marekani walilipua bomu la megatoni 1.4 juu kama km 400 huko Pasifiki, jaribio la Starfish Prime, taa za barabarani zikazimika Hawaii zaidi ya km 1,000 mbali na setilaiti kadhaa zikaharibika. Mshindi wa vita vyako karibu na Dunia anaweza asiwe na njia ya kupita kwa miaka, andika hiyo.

Kwa haya yote nakushauri upitie mkusanyiko wa mtandaoni wa Atomic Rockets wa Winchell Chung, umetengenezwa kwa ajili ya waandishi hasahasa, mambo ya injini, joto, silaha, mpaka vyumba vya ndani. Ni mkubwa mno utapotea, kwa hiyo ingia na swali moja, toka. Ukitaka hesabu zenyewe kuna Fundamentals of Astrodynamics cha 1971, kiliandikwa na walimu wa chuo cha jeshi la anga la Marekani, mpelekee huyo mwalimu wako atafurahi.

Na kituo Pwani? Atakayekucheka mpeleke Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Waitaliano walirusha roketi pale baharini kwenye jukwaa la San Marco kuanzia 1967, na tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapaa setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza mionzi ya eksirei angani, ikapewa jina la Uhuru. Sababu ya kuchagua pale ni ikweta, Dunia inazunguka kwa kama mita 465 kwa sekunde maeneo hayo, unarusha kuelekea mashariki juu ya bahari unapata msukumo wa bure na kikianguka hakimwangukii mtu. Kwa hiyo kijeshi pale ni mali, na adui wako anajua.

Swali: Mhariri vitabu vyote unavyotaja ni vya Wazungu na bando ni ghali. Hakuna cha hapahapa? (Msomaji, Bukoba)

Jibu: Uko Bukoba na unaniuliza mimi? Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, na ghafla nchi ikatakiwa kusafirisha jeshi zima na mgambo juu kutoka pande zote, magari ya raia yakachukuliwa, barabara ni zilezile za vumbi na mvua. Kampala imeanguka 11 Aprili 1979. Lakini kwa mwandishi utamu mwingine uko baada ya hapo, Mwalimu Nyerere akatangaza kufunga mkanda miezi 18 na watu wakapanga foleni za sukari na sabuni miaka mingi. Riwaya za Mars karibu zote zinaisha siku ya ushindi, hakuna anayeandika foleni ya oksijeni mwaka unaofuata.

Wazee waliopigana wapo mtaani kwako. Wasalimie vizuri, kaa chini, na usiulize siri za jeshi wala "uliua wangapi", hiyo si adabu. Uliza walikula nini, miguu ilikuwaje, barua za nyumbani zilifikaje, nani alikuwa anawachekesha.

Kabla ya hapo kuna vita ya 1914 mpaka 1918. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilinaswa kwenye delta ya Rufiji, Julai 1915 wakaizamisha wenyewe, baadae wakaopoa mizinga yake 10, wakaitilia magurudumu na mabaharia wakawa askari wa nchi kavu. Badili Rufiji iwe mwezi mmoja wa Jupita, kitabu hicho. Mbung'o waliua wanyama wa mizigo kwa hiyo jeshi lilitembea juu ya vichwa vya wapagazi, na waliokufa kwa njaa na magonjwa ni makumi ya maelfu. Na vita imeisha Ulaya 11 Novemba 1918, huku kwetu Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na askari wake wanaweka silaha chini tarehe 25, taarifa ilichelewa njiani. Kutoka Dunia mpaka Mars ujumbe unachukua kati ya dakika 3 na 22 kutegemea sayari zimekaaje, na kama mitambo imeharibiwa ni zaidi, kwa hiyo kamanda wako wa mbele ataamua mwenyewe mambo ambayo Dunia itayakataa baadae.

Swali: Niaje editor, mambo ya hesabu yote haya si yataua story? (Mkenya, Nakuru)

Jibu: Yataua ukiyaandika yote. Mwenye kujua ni wewe, mhusika anasema tu "mafuta ya kurudi hatuna" na anaendelea kunywa chai.

Swali: Naweza kuvaa kombati za JWTZ nipige picha ya jalada? (Kijana wa Temeke)

Jibu: Hapana. JWTZ wameshaonya raia mara nyingi, hata zinazofanana nazo usivae. Mpe mchoraji abuni sare ya mwaka 2190, tena hakikisha ina mahali pa kutolea joto.