Mama mkwe kafua nguo zako, sasa unalia nini?

Msomaji wangu wa Tabata kaniandikia barua ndefu, naifupisha. Mama mkwe alikuja toka Korogwe kukaa wiki moja. Siku moja bibie karudi kazini kakuta nguo zote ziko kwenye kamba, masufuria yamesuguliwa, na ndoo za nyuma ya nyumba zimemwagwa maji. Mama hakusema neno. Bibie kaona kadharauliwa ndani kwake. Mkwe alipoondoka, Jumamosi akaamka alfajiri akafanya usafi mpaka stoo, mume akasema asante akaenda kuangalia mpira. Sasa anataka nimsaidie namna ya kumwambia mumewe kwamba mama yake asije tena.

Pole mwanangu, mtu kugusa vitu vyako bila kuuliza inauma. Pole yangu inaishia hapo.

Unasema kazi inakubana huna muda, lakini barua hiyohiyo unasema tamthilia ya usiku hujawahi kuikosa. Unasema mumeo hasaidii chochote, halafu huku chini umeandika mwenyewe kwamba anayeamka saa kumi usiku kukinga maji ya bomba ni yeye. Na zile nguo umezipitia harakaharaka ila nimeona, uliloweka Jumatatu mkwe kazikuta Alhamisi! Nguo za siku tatu kwenye beseni na joto hili la Dar zinavunda, na kitenge kikichuja humo shati jeupe ndo basi tena. Mama wa watu kakaa kwenye kigoda kafua zote kwa mkono, kasuuza, kaanika, mdomo kafunga. Angetaka kukudharau si angempigia simu wifi yako, mpaka jioni Korogwe nzima inajua. Mkweo kakusitiri. Unachokisikia wewe ni aibu, na aibu hiyo usimbebeshe yeye.

Zile ndoo ndo usiseme kabisa. Mbu wa dengue anataga kwenye maji yaliyotuama kama hayo, wiki moja au siku kumi tu keshakuwa mbu kamili, na anauma mchana. Dar tumeuguza watu 2014, tukauguza tena 2019. Na mayai yake yanaganda ukutani mwa ndoo hata ikikauka, kwahiyo kumwaga tu haitoshi, sugua na brashi.

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha jamani. Kicheni pati inachangiwa mamilioni, bibi harusi anapewa friji, anapewa seti ya masufuria, anafundwa mambo ya chumbani mpaka usiku wa manane, ila hakuna somo hata moja la sufuria lenye ukoko wa ugali Jumapili usiku na wewe kesho unadamka kazini. Matokeo yake kila kitu ni kesho, kesho, mpaka rundo linakuwa kubwa mtu anaogopa hata kuliangalia. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Na mwenyewe umeandika, Jumamosi saa sita mchana ulikuwa umeshamaliza! Nusu siku mwanangu, kitu kilichokunyima raha miezi. Hapo nakupongeza kutoka moyoni, na mume kakwambia asante, ulitaka akupigie ngoma?

Mama mkwe aje, tena umwite wewe. Mpigie leo, msalimie, mwambie mama asante kwa zile nguo, usianze kujieleza sana. Mgeni njoo mwenyeji apone, na wewe umepona.

Nguo usiloweke kama hufui siku hiyohiyo. Sufuria la ugali litie maji ukishapakua tu, ukoko unalainika wenyewe mkiwa mnakula. Na mumeo maji anakinga sawa, ila nyumba ni ya wote wawili, ndoo na uwanja wa nyuma mkabidhi yeye kabisa, kila Jumamosi kabla ya mpira.