Amepanda Kweli au Ni Nguvu ya Soda?

Ninyi mnaoanza kazi ya kuchambua wachezaji wa kikapu, swali hili halitawakosa msimu wowote: kijana fulani mwezi huu kila anachorusha kinaingia, je, tumwamini? Ushauri wangu ni kwamba msikimbilie asilimia ya pointi tatu. Kwa kijana, hiyo hudanganya kuliko takwimu nyingine zote.

Mchukueni Brandon Ingram. Msimu wake wa pili akiwa Los Angeles Lakers, timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, 2017/18, alifunga 39% ya mitupo ya pointi tatu. Inapendeza, ila alikuwa akirusha pungufu ya miwili kila mechi, kama 100 hivi msimu mzima. Kwa mitupo michache hivyo, mtu ambaye uwezo wake halisi ni 35% anaweza kumaliza na 30 au 40 kwa bahati tu. Msimu uliofuata Ingram akashuka hadi 33%.

Julai 2019 akahamia New Orleans, katika mabadilishano yaliyompeleka Anthony Davis Lakers. Akafunga 39% tena, lakini safari hii akirusha zaidi ya mara sita kwa mechi. Na mitupo huru, ile anayopewa mchezaji akichezewa faulo, je? Kutoka 67.5% hadi 85.1%! Hapo ndipo pa kutulia na kuangalia vizuri. Kwenye mtupo huru hakuna wa kumzuia, hakuna pasi mbovu, na umbali ni uleule popote anapocheza. Mchezaji akiruka kiasi hicho kwa mitupo zaidi ya 300, bahati haitoshi kulieleza jambo hilo. Mkono wenyewe umebadilika.

Dakika nazo zikagueni, maana pointi nyingi za vijana ni za dakika nyingi tu. Ingram alicheza karibu dakika 34 kwa mechi msimu wake wa mwisho Lakers na wa kwanza New Orleans, ila pointi zake zilitoka 18.3 hadi 23.8. Ajabu ni kwamba asilimia yake ya jumla, yaani ya mitupo yote ya pointi mbili na tatu, ilishuka, 49.7 hadi 46.3. Anayesoma safu moja tu ya jedwali angesema kijana karudi nyuma, kumbe amehamishia mitupo yake mbali, ambako kikapu kimoja ni pointi tatu.

Lonzo Ball, waliyehama naye, ni mgumu zaidi kumpima. Mitupo huru alipata michache mno. Kwake ilibidi kutumia macho: alipoingia NBA mwaka 2017 alikuwa akiuvutia mpira upande wa kushoto wa uso kabla ya kuuachia. New Orleans, chini ya kocha wa urushaji Fred Vinson, mtindo huo ukanyooshwa, na pointi tatu zikapanda kutoka 32.9% hadi 37.5%. Mtindo ukibadilika na namba zikafuata, mimi huamini mapema zaidi.

Halafu msiandike kwenye ripoti "amepanda" mkaishia hapo. Andikeni kilichopanda ni kipi. Msimu wa 2021/22 pointi tatu za Ingram zilirudi 32.7%, lakini mitupo huru ilibaki juu ya 82%, na bado alifunga pointi 22.7 kwa mechi. Nanyi mnaofuatilia ligi za mikoa zisizo na takwimu, bebeni daftari mhesabu mitupo huru wenyewe, hasa ya robo ya nne, miguu ikiwa imechoka.