Roboti, dhahabu na tezi dume: majibu kwa wasomaji wa Kigoma

*Baba ana saratani ya tezi dume. Rafiki yake kamwambia nje ya nchi kuna roboti inayotibu. Inapasua? (Kijana, Ujiji)*

Haipasui. Ni mkono wa chuma uliobeba mashine ya mionzi; unamzunguka mgonjwa aliyelala na kumpiga miale kutoka pembe nyingi. CyberKnife, maarufu kuliko zote, ilibuniwa na John Adler wa Stanford, Marekani. Kazi ngumu ni kuilenga tezi, maana haitulii. Iko chini ya kibofu, mbele ya njia ya haja kubwa. Kibofu kikijaa au gesi ikipita, inasogea. Mashine hupiga eksirei tena na tena tiba ikiendelea, na mkono unajirekebisha. Mzee akiambiwa aende haja kubwa na anywe maji kwanza, asipuuze.

*Mjomba aliwekewa dhahabu kwenye tezi huko India. Itatolewa lini? (Mvuvi, Kibirizi)*

Haitolewi, na msimtanie mzee wa watu kwamba ni benki inayotembea. Ni vipande vichache, vidogo kama punje za mchele, vinavyoingizwa kwa sindano. Eksirei haiioni tezi vizuri, lakini dhahabu inaiona, na mashine huifuata hiyo dhahabu. Vikishawekwa, husubiriwa siku kadhaa vitulie, ndipo ipigwe picha ya CT ya kupangia tiba.

*Shikamoo. Mume wangu akirudi kwenye mionzi, alale na mjukuu? (Mama, Kasulu)*

Marahaba, mama. Alale naye tu. Mionzi ya mashine ya nje haibaki mwilini. Wenye masharti ni waliopandikizwa ndani ya tezi "mbegu" za mionzi, yaani vipande vidogo vinavyotoa mionzi vyenyewe.

*Nguvu za kiume je? (Hakutaja anapoishi)*

Zinaweza kupungua, taratibu, na dawa zipo. Mwambie daktari mapema.

*Kigoma hadi Dar ni mbali. Roboti inapunguza siku? (Mstaafu wa reli, Mwanga)*

Zinazopunguza siku ni dozi kubwa zilizolengwa vizuri. Mionzi ya kawaida huchukua wiki nne hadi nane, Jumatatu mpaka Ijumaa, na sijui ni ndugu gani wa Dar atakayekupokea muda wote huo bila kununa. Njia mpya ni mara tano tu. Matokeo ya utafiti wa PACE-B, yaliyochapishwa 2024, yalihusu wanaume ambao saratani yao haikuwa imetoka nje ya tezi wala si ya hatari kubwa. Baada ya miaka mitano, takriban 96 kati ya 100 waliotibiwa mara tano ilikuwa haijawarudia. Waliopewa tiba ndefu ni takriban 95. Mkojo uliwasumbua zaidi kidogo wale wa mara tano.

Sasa sikia, mzee wangu: baadhi yao walitibiwa kwa roboti, wengine kwa mashine za kawaida zinazoongozwa na picha. Kwa hiyo usiuze shamba la michikichi ukimbilie nje kwa sababu ya jina la mashine. Chukua majibu ya PSA (kipimo cha damu cha tezi dume), ya kinyama kilichokatwa kwenye tezi kupimwa, na picha zako, uende hospitali ya Ocean Road, Dar, au Bugando, Mwanza, uulize mawili: saratani bado imo ndani ya tezi? Na tiba ya mara tano mnayo?