Maswali Yenu: "Jirani anatapisha choo mvua ikinyesha, nifanyeje?"

Dada habari ya kazi. Nimepanga Kigogo, nyumba ya bondeni karibu na mtaro. Mvua kubwa ikianza usiku jirani wa juu yetu anatoboa choo chake, vinashuka vyote vinapita mlangoni kwetu hadi mtaroni. Ukimwambia anajibu mvua itasafisha. Nina watoto wawili na asubuhi wanacheza hapo hapo. Nisaidie. – Mpangaji, Kigogo

Pole sana mdogo wangu. Hilo la mvua itasafisha nimelisikia tangu niko mtoto na sijui nani alituambia, maana mtaro wa mvua sio bomba la maji taka, hauendi kwenye bwawa lolote la kusafishia, hapo kwenu unaingia moja kwa moja Mto Msimbazi, na Msimbazi unatoka huko milima ya Pugu unapita Vingunguti, Kigogo, Jangwani unamwaga baharini pale Selander kwenye mikoko. Njiani humo kuna watu wanamwagilia mchicha, mchicha ambao wewe na huyo jirani mnakuja kuununua fungu sokoni. Na mto ukijaa unarudi majumbani na kila kitu ilichopewa mitaro, waliokuwepo Desemba 2011 wanajua. Kipindupindu cha 2015 hapa Dar nacho wengi bado tunakikumbuka.

Sasa ufanye nini. Usianze na polisi, anza na bei, maana mara nyingi mtu anatapisha kwa sababu gari la kunyonya halifiki kwake au hela ya tripu nzima hana. Ongeeni nyumba tatu nne mlipie tripu moja, na kama uchochoro ni mwembamba tafuteni vijana wanaonyonya kwa pampu ya mkono, ile gulper, wanapakia kwenye mapipa wanapeleka kwenye mabwawa. Ila anayenyonya muulize kabisa anakwenda kumwaga wapi, kuna wengine wanakunyonyea choo halafu wanageuza kona wanamwaga mtaro wa pili, hapo umelipia hasara. Kingine, mfanye Januari au Februari kabla ya masika, sio Aprili shimo limeshajaa maji ya chini. Halafu mwambieni kila mtu aache kutupa pampasi, pedi na chupa chooni, ndizo zinazojaza shimo haraka na kuziba pampu. Baba mwenye nyumba naye achangie, choo ni mali yake, wewe unapanga tu.

Jirani akikataa kata kata, nenda kwa mjumbe, kisha serikali ya mtaa, wambie waje na bwana afya. Nenda na wenzako, ukienda peke yako utaitwa mchochezi. Na watoto wasicheze hapo siku mbili tatu baada ya mvua, pamwage chokaa, miguu ioshwe kwa sabuni kabla hawajaingia ndani.

Dada mimi ni bodaboda, nabadilisha oili nyumbani. Mke wangu ananigombeza nikimwaga mtaroni, anasema nimwage kwenye mchanga nyuma ya nyumba. Nani yuko sahihi? – Dereva, Mbagala

Wote hamko sahihi ila mkeo amekaribia kidogo. Ya mtaroni inafika mtoni na kutanda juu ya maji, hewa haiingii, samaki wanakufa. Ya mchangani inazama, na kama jirani ana kisima kifupi, haya, inaweza kumfikia humo. Chukua dumu, kinga, funga, likijaa peleka gereji au kwa mafundi, oili chafu ina wateja wake, kuna wanaopaka mbao zisiliwe na mchwa na wanaopaka mbao za kumwagia zege zisigandane nalo. Yaani unamwaga hela kaka. Pikipiki nayo usiioshee mtoni, ioshe kwa ndoo sehemu yenye nyasi.

Nataka kuweka pevingi uwanja mzima, nimechoka na tope. Mume wangu hataki. – Mama, Kimara

Nipo na shemeji hapa. Wewe uko mlimani, ukifunga ardhi yote maji hayana pa kuzama, yanakimbia na uchafu wote wa barabarani kuwafuata walioko bondeni. Weka njia ya gari na ya miguu tu, kwingine panda ukoka au mwaga kokoto. Tope la uani kwa kweli mara nyingi linatoka kwenye bati, sio angani. Piga hesabu: bati la mita za mraba 100, mvua ya milimita 50, hizo ni lita 5,000, simtanki zima kwa mvua moja! Weka gata, kinga, fulia, na yatakayozidi yapeleke kwenye shimo la mawe mbali na msingi wa nyumba.

Na nyie wa siku za usafi, mnaozibua mtaro halafu lile tope na chupa mnalirundika ukingoni pale pale, mvua ya kwanza tu linarudi ndani. Likikauka lipakieni kwenye viroba mwite gari la taka siku hiyo hiyo, msingoje wiki ijayo.